Mchoraji wa Jajur na Wapenda Misiba

Si wengi katika nchi yetu wanaolijua jina la Minas Avetisyan, na katika hao wachache wengi ni wazee wenzangu waliowahi kusoma katika Umoja wa Kisovyeti. Nikilitaja jina hilo mbele yao hufurahi kwanza, kisha huinamisha vichwa na kuuliza swali lile lile: "Hivi ni nani hasa aliyeichoma studio yake?" Hawaniulizi mtu huyu alichora nini, wala alichora wapi, wala kwa nini milima yake ni myekundu. Wanataka moto. Nikijibu kwamba mimi sijui ni nani, na wao pia hawajui, huruka mara moja kwenda kwenye gari lililomgonga. Na tukishamaliza habari za gari huja tetemeko la ardhi. Hapo husikitika, hunywa chai yao ikaisha, na kila mtu huondoka ameridhika kama aliyetoka kuhani msiba.

Nimechoka na mazungumzo ya namna hiyo. Nimeyavumilia kwa miaka mingi kwa kuwa hufanywa na watu ninaowaheshimu, lakini umri nilionao sasa hauniruhusu kuendelea na adabu ya bure. Nasema kwamba watu wanaoyasimulia maisha ya Minas kwa njia hiyo, hata wakiwa na machozi machoni, wanamnyang'anya kile kidogo kilichombakia. Studio yake iliungua mara moja. Wao huichoma kila wanapoketi.

Ili nisije nikaambiwa kwamba ninaficha jambo, misiba yenyewe nitaitaja yote upesi. Minas alizaliwa tarehe 20 Julai 1928 katika kijiji cha Jajur, kaskazini-magharibi mwa Armenia, karibu na mji uliokuwa ukiitwa Leninakan, ambao leo ni Gyumri. Mwanzoni mwa mwaka 1972 studio yake iliyokuwa Yerevan, mji mkuu, iliungua mwenyewe akiwa hayuko, na kazi nyingi sana zikateketea humo. Februari 1975 alikuwa mjini Yerevan kwa miguu, gari likaacha barabara likapanda mahali pa waenda kwa miguu na kumgonga. Akafa siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 46. Mwaka 1982 makumbusho yake yalifunguliwa kijijini kwao, na tarehe 7 Desemba 1988 yakaangushwa na tetemeko lililoua watu wapatao 25,000 katika sehemu ile ya nchi.

Hayo yote ni kweli. Ukiyapanga hivyo, moja baada ya jingine, utapata hadithi ya mtu mwenye nuksi, na hadithi za watu wenye nuksi zina wasikilizaji wengi. Lakini hebu tufanye hesabu. Moto ni siku moja, gari ni siku moja, tetemeko ni siku moja. Na hiyo siku ya tatu ilifika miaka 13 baada ya mwenyewe kuzikwa. Kwa hiyo tunaambiwa tumjue mtu kwa siku mbili za uhai wake. Mwanachuo wangu wa ualimu angeniletea wasifu wa mtu ulioandikwa hivyo, ningemrudishia daftari lake bila kulitia alama.

Mimi nilimjua Minas kupitia kwa mkufunzi mwenzangu aliyefundisha sanaa. Alikuwa amesoma Leningrad, akarudi na sanduku la vitabu pamoja na pakiti ya picha zilizochapwa kwenye karatasi ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akizibandika darasani, kila wiki moja. Mimi nilikuwa mtu wa hisabati, na darasa la sanaa kwangu lilikuwa mahali pa kupita wakati wa kukagua madirisha yaliyovunjika. Siku moja nilisimama mbele ya picha iliyoitwa Jajur, ya mwaka 1960. Ardhi yake ilikuwa nyekundu na ya rangi ya chungwa, si nyekundu ya udongo wetu bali nyekundu ya kaa la moto, na kijiji kimetulia juu yake bila wasiwasi wowote. Nilimwambia mwenzangu kwamba hakuna mlima wa rangi hiyo popote duniani. Alicheka. Akanieleza kwamba uwanda wa Shirak, ambamo Jajur imo, umeinuka kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwamba baridi ya huko ni kali na ndefu, na kwamba kwa miezi kadhaa ya mwaka mtu haoni chini isipokuwa theluji. "Basi anadanganya," nikasema. "Hapana, Mwalimu Mkuu," akanijibu, "anakumbuka."

Jibu hilo lilinikera wakati ule, maana halikuwa jibu la kihisabati. Baadaye nilizitazama picha zote pakiti nzima, na nikaona kwamba alisema kweli. Minas alipochora Jajur alikuwa ametoka kukaa miaka mingi mbali nayo. Baba yake, Karapet, alikuwa mhunzi. Mama yake, Sofo, alikuwa binti wa kasisi. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya mhunzi anajua jinsi chuma kinavyobadili rangi katika moto kabla hakijabadili umbo. Sisemi kwamba wekundu wa milima yake ulitoka katika karakana ya baba yake, kwa sababu hilo haliwezi kuthibitishwa na mimi ndiye ninayelaumu wenzangu kwa kusimulia yasiyothibitishwa. Nasema tu kwamba kila nionapo picha hizo nafikiri habari ya mhunzi.

Masomo yake yalikuwa marefu. Kati ya mwaka 1947 na 1952 alisoma katika chuo cha sanaa cha Yerevan kinachoitwa kwa jina la Terlemezyan, akaendelea kidogo katika taasisi ya sanaa hapo hapo mjini, kisha kuanzia 1954 hadi 1960 alikuwa Leningrad katika Taasisi ya Repin. Huko mwalimu wake alikuwa Boris Ioganson, mmoja wa wachoraji wakubwa wa ile njia iliyopendwa na serikali, iliyoitwa uhalisia wa kijamaa. Msomaji wa leo huenda hajui ilikuwa njia gani. Ilitakiwa picha ieleweke upesi, ionyeshe maisha yanavyoelekea kuwa mema, mfanyakazi awe imara, trekta liwe jipya, na rangi ziwe zile ambazo macho ya kila siku huziona. Ni njia iliyozaa mafundi hodari, na nisingependa mtu aidharau; Minas alijifunza humo jinsi ya kujenga mwili wa mtu na jinsi ya kuupanga uzito wa vitu katika picha. Lakini aliporudi Yerevan mwaka 1960 aliiacha, na hakuiacha kwa kupiga kelele. Alikwenda kijijini akaanza kuchora wazazi wake, barabara, miti, na wanawake wa Jajur wenye nguo ndefu na nyuso zisizotabasamu.

Mwaka 1962 alishiriki katika maonyesho ya wachoraji watano mjini Yerevan, na hapo ndipo jina lake lilipojulikana. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Khrushchev alikwenda kwenye maonyesho ya Manezh mjini Moscow akawatukana wachoraji waliokuwa wakijaribu njia mpya. Nayataja mambo haya mawili pamoja ili ieleweke kwamba kupaka mlima rangi nyekundu hakukuwa mchezo wa mtu aliyeshiba.

Hapa wapo watakaonikatiza waseme kwamba wekundu na unjano huo haukuwa wa Minas; kwamba aliurithi tu kutoka kwa Martiros Saryan, baba wa uchoraji wa Armenia ya leo, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufa mwaka 1972. Ni lawama ya zamani na ina ukweli wa upande mmoja. Bila Saryan hapangekuwa na Minas. Lakini tazama picha zao mkabala. Kwa Saryan jua liko utosini, vivuli ni vya samawati vyenye furaha, na nchi nzima inaonekana kama mtu aliyeamka vizuri. Kwa Minas rangi ni zile zile lakini jua limekwisha kushuka, na watu waliosimama humo wamebeba kitu ambacho hawakisemi. Katika ile picha ya Wazazi Wangu, ya mwaka 1962, mtu hawezi kuchukua rangi akawaacha wazee wale wawili. Mwanafunzi anayechukua kinanda cha mwalimu wake akapiga wimbo wa maombolezo hajaiba wimbo wa harusi.

Na kwa kuwa Saryan ametajwa, nina neno la kuwaambia wapenda moto. Mnajua kwamba Saryan naye aliunguliwa? Alikaa Paris kwa muda katika miaka ya 1920, akafanya maonyesho huko mwaka 1928, na wakati kazi zake zikirudishwa kwa meli, meli ikashika moto, zikateketea nyingi mno za kipindi kile. Mwaka 1928, mwaka ule ule Minas alipozaliwa. Je, mmewahi kusikia mtu akianza habari za Saryan kwa ile meli? Mimi sijasikia. Huanza na milima, na matunda, na barabara zenye punda. Kwa nini mmoja ni mchoraji aliyepatwa na moto, na mwingine ni moto uliompata mchoraji? Jibu langu ni kwamba Saryan aliishi miaka 92 akapata wasaa wa kutundika kazi nyingine mbele ya macho ya watu hadi wakaisahau meli. Minas baada ya moto wake alipata miaka mitatu tu.

Hiyo miaka mitatu ndiyo ambayo wapenda misiba huiruka, kwa kuwa haina msiba ndani yake. Ina kazi. Mwaka huo wa 1972 alichora Uokaji wa Lavash, ambayo ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote. Lavash ni mkate mwembamba kama chapati iliyosukumwa na mtu asiye na haraka, na wanawake huuoka kwa kuubandika kwenye ukuta wa ndani wa jiko la udongo lililochimbwa chini. Jiko hilo Waarmenia huliita tonir. Sikio la Mswahili litalitambua neno hilo mara moja, kwa sababu tanuri yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, ni ya ukoo huo huo wa kale. Katika picha wanawake wanaoka mkate na nyuso zao ni nyuso za watu walio katika ibada. Hakuna anayemtazama mchoraji. Mtu aliyepoteza kazi za miaka kumi kwa usiku mmoja, na katika mwaka huo huo akakaa akachora unga, mikono na tanuri, ametupa jibu lake juu ya moto. Sisi ndio tusiolitaka. Baada ya hapo, mwaka 1974, alitengeneza mandhari na mavazi ya jukwaani kwa ajili ya ngoma ya Gayane ya Khachaturian huko Yerevan.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni kuta. Katika miaka ya kwanza ya 1970 Minas alichora michoro ya ukutani inayokaribia ishirini, mingi yake Leninakan na vijiji vya huko kwao. Hakuichora katika makanisa wala majumba ya serikali kuu. Aliichora viwandani, katika majengo ya wafanyakazi, mahali mtu anapoingia na mikono yenye grisi kutafuta supu. Mmoja aliuita Kuzaliwa kwa Toros Roslin. Huyo Toros Roslin alikuwa mchoraji wa vitabu vitakatifu katika karne ya 13, wakati Waarmenia walipokuwa na ufalme wao Kilikia, karibu na bahari ya Mediterania. Rangi zake za dhahabu, nyekundu na buluu zimehifadhiwa katika kurasa ndogo za ngozi, na baadhi ya miswada ya namna hiyo imo katika maktaba ya Matenadaran mjini Yerevan. Fikiri, ndugu msomaji. Rangi zile zilifanywa kwa ajili ya maaskofu na wafalme, kitabu kimoja, macho mawili kwa wakati mmoja. Minas alizitoa ukurasani akazipanua ukutani, mtu wa kuchomelea vyuma akazitazama kila siku saa sita mchana bila kulipa kiingilio.

Nimewahi kuambiwa na mtu msomi kwamba huo ulikuwa upumbavu. Alisema mchoraji mwenye busara huchora juu ya kitambaa, kwa sababu kitambaa hukunjwa, huhamishwa, huuzwa, hutiwa katika jumba lenye walinzi. Lakini ukuta ni wa mwenye jengo, na siku mwenye jengo akitaka kuweka dirisha, mchoro umekwisha. Nakubali kwamba ukuta ni wa mwenye jengo. Lakini namuuliza msomi yule: kilichoungua mwaka 1972 kilikuwa nini? Vilikuwa vitambaa, vimekusanywa mahali pamoja, chini ya kufuli. Kuta za Leninakan hazikuungua hata moja. Hakuna mahali pa salama kwa picha. Kuna watu wanaoitunza na watu wasioitunza, basi.

Na hapa nafika kwenye kiini cha ugomvi wangu. Tetemeko la 1988 liliangusha majengo, na pamoja nayo michoro iliyokuwa ndani. Katika jambo hilo simlaumu mtu, ingawa wajuzi wamekwisha eleza jinsi ujenzi mbovu wa enzi ile ulivyoongeza vifo. Lakini si kuta zote zilizoanguka. Nyingine zilibaki zimesimama. Umoja wa Kisovyeti ukavunjika mwaka 1991, viwanda vya Gyumri vikafungwa kimoja baada ya kingine, mapaa yakaanza kuvuja, majengo yakabadilisha wenyewe, na michoro ya mtu ambaye taifa zima lilimwita fahari yake ikaachiwa mvua, theluji na unyevu wa lipu. Hilo halikuwa la siku moja. Lilichukua miaka. Kila siku katika miaka hiyo palikuwa na mtu mwenye ufunguo ambaye angeweza kupandisha bati moja juu ya paa.

Sasa niambieni, wapenda misiba: kwa nini habari hii hamuisimulii? Haina KGB, haina mtu aliyevaa koti refu usiku, haina kibiriti. Ina paa linalovuja na ofisi ambayo haijibu barua. Moto una raha yake kwa sababu ndani yake kuna mtuhumiwa ambaye hakika si sisi. Tukishamtaja adui mkubwa asiyeonekana, mikono yetu inakuwa safi, tunaagiza chai nyingine.

Sitaki nieleweke vibaya. Mtu anayeutafuta ukweli wa ule moto kwa ushahidi, katika majalada ya wakati ule, simpingi. Serikali ile iliwatesa wasanii, na Waarmenia walioshuku walikuwa na sababu za kushuku. Kama yupo aliyetenda, na ajulikane. Ninaowapinga ni wale wasiotafuta lolote, ambao kwao fumbo lina thamani kwa sababu halifumbuliki.

Baadhi ya michoro iliyosalia imebanduliwa kutoka kwenye kuta zake na kuhamishwa. Kazi hiyo ni ya ajabu. Mafundi hubandika kitambaa chenye gundi juu ya uso wa mchoro, gundi ikishakauka huvuta au hukata nyuma yake taratibu, na rangi huondoka na ngozi nyembamba ya lipu kama ngozi ya nyoka, kisha huwekwa juu ya ubao au ukuta mwingine. Katika jambo hili watu hugawanyika. Wako wasemao mchoro wa Gyumri uliopelekwa mji mkuu umeibwa, na wako wasemao umeokolewa. Mimi nasema vyote viwili ni kweli. Umeokolewa mvua na umeibiwa wasomaji wake. Mtoto wa mchomeleaji wa Gyumri sasa lazima apande basi kwenda Yerevan kutazama kitu ambacho baba yake alikuwa akikila nacho supu. Hata hivyo, ningekuwa mimi mwenye kuamua, ningebandua. Ukuta unaolowa haungoji mabishano ya wazee.

Nasema "ningekuwa mimi mwenye kuamua" na kalamu inanizito, kwa sababu mara moja katika maisha yangu nilikuwa mwenye kuamua.

Yule mkufunzi wa sanaa niliyemtaja, baada ya kuwaonyesha wanachuo picha za Minas na kuwaeleza habari za kuta za viwanda, aliniomba ruhusa mmoja wao achore katika bwalo letu la chakula. Nilikubali bila kufikiri sana. Kijana yule alifanya kazi kwa muhula mzima, jioni na Jumamosi, kwa rangi za mafuta zilizobaki katika ukarabati wa milango. Alichora wanawake wanamenya mihogo, lori limesimama, na kilima nyuma yao. Kilima alikipaka rangi ya chungwa. Nilimuuliza kwa nini, naye akanitazama kwa mshangao akasema ndivyo kwao kunavyoonekana mtu anaporudi likizo. Haukuwa mchoro wa bingwa. Miguu ya wanawake haikukanyaga chini sawasawa. Lakini wanachuo walianza kugombea meza za upande ule.

Mwaka uliofuata tulitaarifiwa kwamba tutapata ugeni mkubwa. Chuo kilisafishwa, mawe ya kando ya njia yakapakwa rangi nyeupe, nyasi zikafyekwa. Niliingia bwaloni siku nne kabla, nikautazama ule ukuta kwa macho ya mgeni, nikaona aibu. Sikujua aibu ya nini. Niliona miguu isiyokanyaga, nikaona kilima chenye rangi isiyokuwepo, nikawaza kwamba tutaonekana watu wasio na utaratibu. Nikaagiza mifuko ya chokaa. Hakuna aliyeniamuru. Hapakuwa na barua, hapakuwa na simu. Kazi ilimalizika mchana mmoja, na wageni walipofika walikula chakula chao dakika ishirini wakaondoka, sidhani kama walitazama ukuta wowote.

Mwenzangu hakunisema neno. Alipohamishwa aliniachia ile pakiti ya picha mezani kwangu, imefungwa kwa uzi, bila maandishi. Ninayo hata leo, na Uokaji wa Lavash iko juu kabisa.

Kijana mwenyewe alinifuata ofisini jioni ile ile chokaa ilipokuwa bado mbichi. Hakulalamika, aliuliza tu ni nani aliyeagiza. Nikamwambia kwamba ni agizo la wakaguzi kutoka juu. Alinishukuru kwa kumweleza, akatoka. Alihitimu mwaka huo, akapangiwa shule ya mbali, na sikumwona tena. Kama yu hai na ukurasa huu ukamfikia, ajue kwamba hapakuwa na mkaguzi. Ni mimi.